Kwa nini kanisa moja tu jimboni liitwe kanisa kuu?

Mwuliza swali:
Ndugu zangu, nasali katika kigango kimoja, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, huku magharibi mwa Kenya. Paa letu linavuja, na wakati huohuo jumuiya yetu ndogo ndogo imeombwa kuchangia ukarabati wa kanisa kuu la jimbo, ambalo wengi wetu hulifikia labda mara moja kwa mwaka. Sikatai kutoa, ninachotaka kuelewa ni kitu gani kinacholifanya kanisa hilo liwe kuu, maana nimeona makanisa ya parokia yanayolizidi kwa ukubwa.

Katekista, Kisumu:
Ndugu, ukubwa wa jengo hauhusiki kabisa. Neno kathedrali, yaani kanisa kuu, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kiti, na kiti chenyewe ni cha askofu. Mwalimu wa zamani alifundisha akiwa ameketi, kama Yesu alivyoketi mlimani katika Mathayo 5, kwa hiyo kiti kikawa alama ya mamlaka ya kufundisha. Ukiingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa pale Kibuye, ukione kiti hicho; padre anayeongoza Misa hakikalii, kwa kuwa ni cha askofu wa jimbo peke yake. Ndiyo maana hata kule Roma, kanisa kuu la Papa akiwa askofu wa mji huo ni la Mtakatifu Yohane wa Laterano, ambalo sikukuu ya kutabarukiwa kwake huadhimishwa tarehe 9 Novemba, wala si lile la Mtakatifu Petro ambalo wengi hulidhania. Vivyo hivyo Yamoussoukro, nchini Ivory Coast: basilika yake ni kubwa mno, lakini kiti cha askofu kimo katika kanisa jingine la mji huohuo.

Tena kigango chako hakiko mbali na kanisa kuu kama unavyodhani. Katika Misa ya Krisma, siku za Juma Kuu, mapadre wa jimbo humzunguka askofu wao na kurudia ahadi za upadre, naye hubariki mafuta ya wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na ya wagonjwa, na kuyaweka wakfu mafuta matakatifu yaitwayo Krisma. Mafuta hayo husambazwa hadi parokiani. Mtoto anayebatizwa chini ya paa lenu linalovuja hupakwa mafuta yaliyotoka huko.

Mwanglikana, Nakuru:
Kwetu pia ni hivyo. Askofu mpya husimikwa katika kanisa kuu la dayosisi, na kukalishwa kitini ndiko kiini cha ibada hiyo.

Wa Kanisa la Marafiki (Quakers), Vihiga:
Sisi hatuna kathedrali hata moja, ingawa wamisionari wetu walifika Kaimosi tangu mwaka 1902, kwa sababu hatuna maaskofu. Nadhani hilo linathibitisha maelezo ya katekista: pasipo kiti, hakuna kanisa kuu.

Mwuliza swali:
Asanteni sana. Habari ya mafuta imenigusa, kwa kuwa mwanangu alibatizwa kigangoni hapa. Jumapili nitatoa mchango wangu, kisha nitamwomba mwenyekiti wa kigango tulijadili paa letu pia, kwa maana mvua za masika hazitatusubiri.