Mrejesho: Chumba nilicholipia Dodoma kilipewa mtu mwingine

Wakuu, ni mimi niliyeomba ushauri saa sita usiku, nikiwa na mdogo wangu wa kike kwenye gesti ambayo chumba chetu kilishagawiwa. Tuko salama, asanteni sana.

Mlinzi alitaka tupande bodaboda kwenda "kwa rafiki yake". Nilikataa, tukagoma kutoka mapokezi. Nilipotaja 112, namba ya dharura ya polisi, dada wa mapokezi alianza kupiga simu gesti nyingine. Bunge la bajeti lilikuwa linaendelea, mji umejaa. Gesti ya nne ndiyo ikawa na nafasi. Namba ya bajaji nilimtumia mama kabla hatujapanda. Komeo la chumba lilikuwa bovu, tukasukumia kitanda mlangoni.

Gesti ya kwanza wamerudisha nusu ya hela. Kesho narudi kwao na meseji ya muamala kudai iliyobaki.