Marafiki zangu wa Dar wanataka baiskeli hapa Mbeya, niwapitishe wapi?

Mama wa Ilomba
Wakuu, poleni na baridi. Ijumaa napokea rafiki zangu wawili wa chuo, wanashuka stendi ya Nane Nane na basi la usiku. Mmoja kanipigia: "Shoga, bajaji usituitie. Foleni za Ubungo zimetutosha, tutafutie baiskeli." Nikaitikia kwa kiherehere. Nimeshaazima mbili, moja ya gia, nyingine Phoenix ya mjomba yenye keria la kubebea mikungu ya ndizi. Juzi nikajaribu mwenyewe kwenda Mwanjelwa kwa barabara kuu. Malori ya Tunduma yananipumulia shingoni, Hiace zinachomoka kushoto bila taa, vumbi mpaka kwenye meno. Soweto nikashuka, nikasukuma. Nyie wa kila siku mnapitaje?

FundiSpoku
Barabara kuu iache, dada. Pita mitaa ya ndani, na mtoke kabla ya saa moja asubuhi. Ila mimi nahofia mapafu kuliko malori. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Mtu wa Dar ukimpandisha kutoka Mafiati kwenda Sokoine, hafiki nusu anatafuta pa kukaa. Siku ya kwanza wape chai ya tangawizi na blanketi.

Mzee wa Kirikuu
Kwani lazima wapande? Kodi kirikuu, pakia baiskeli, wapelekeni juu Kawetere, barabara ya Chunya. Lami ipo, misitu ya misonobari kushoto na kulia. Mkishuka mnaliona jiji lote chini. Wangu wa Dodoma niliwafanyia hivyo, mpaka leo wananisumbua wanataka kurudi.

FundiSpoku
Kwa Phoenix ya mjomba? Mzee, unataka kuua wageni wa watu! Dada, zikague raba za breki kwanza. Kama zimelika na kung'aa kama sabuni, badilisha, bei yake ni ndogo. Na glavu. Huko juu asubuhi vidole vinakufa ganzi, breki huibani.

Mama wa Ilomba
Nimetoka kuzitazama sasa hivi. Upande wa nyuma raba hakuna kabisa, chuma kinasugua rimu! Na mjomba anaipanda hivyohivyo kila Jumapili kwenda kanisani. Fundi, kesho saa ngapi unafungua?

FundiSpoku
Saa mbili. Njoo unaisukuma, usiipande.