Nitawaombaje watu wa nyumbani wasinihukumu kwa kipimo cha sukari?

Asubuhi_Njema:
Ndugu zangu, huu ni mwaka wa 9 ninaishi na kisukari aina ya pili. Wiki iliyopita daktari alisema vidonge peke yake havitoshi tena na kwamba nitaanza insulini. Sindano sikuihofia sana, kilichoniuma ni neno la mume wangu tuliporudi nyumbani: "Basi umeshindwa." Hakulisema kwa ubaya, maana ndiye anayenikumbusha dawa kila jioni, lakini tangu siku hiyo ninapima sukari kwa kujificha, na mara mbili nimemtajia namba ya uongo. Kila asubuhi ananiuliza nimekula nini hata ikapanda, hata siku ambayo sikutia kitu mdomoni tangu jioni. Nitayapata wapi matumaini, na nitawaelezaje wanaonipenda kwamba maneno yao yananivunja moyo?

Muuguzi_Mstaafu:
Pole sana, dada. Nimehudumu kliniki ya kisukari kwa miaka mingi, na sina budi kukiri kwamba huenda neno hilo mumeo alilisikia kwetu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuandika katika faili: "mgonjwa hafuati masharti", "ameshindwa na vidonge". Kumbe mara nyingi vidonge ndivyo vilivyoshindwa. Katika kisukari aina ya pili, seli za kongosho zinazotengeneza insulini huendelea kudhoofika kadiri miaka inavyopita, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba sukari ilizidi kupanda polepole hata kwa watu waliokuwa chini ya matibabu ya karibu. Mwaka 2017 Chama cha Kisukari cha Marekani, pamoja na waelimishaji wa kisukari wa nchi hiyo, kilitoa mwongozo unaowataka watoa huduma waache lugha ya kulaumu. Nilipousoma niliona haya, kwa sababu karibu kila neno lililokatazwa nilikuwa nimewahi kulitumia.

Ama sukari ya asubuhi, mweleze mumeo hivi: kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni, kotisoli ikiwamo, nazo hulichochea ini limwage glukosi katika damu, hivyo mtu aweza kulala na kipimo kizuri na kuamka kimepanda bila kula chochote. Hizo namba za uongo, hata hivyo, zinanitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa dozi ya insulini hupangwa kwa kuzifuata. Hata ukiendelea kumficha mumeo, daktari mpe namba za kweli.

Sema_Kweli:
Mimi naomba kutofautiana nanyi kidogo. Nilikuwa mkaidi, na kaka yangu aliponifokea ndipo niliporudi kliniki; angenibembeleza, huenda hadi leo ningekuwa nadanganya watu. Kisukari kisipotibiwa hupofusha na kuharibu figo, na tusiyalainishe maneno hadi hilo likasahaulika.

Sindano_Nne:
Ndugu Sema_Kweli, kaka yako alikufokea siku moja, nawe ukainuka. Mwenzetu anahojiwa kila asubuhi, na matokeo yake tumeyasoma: anaficha vipimo. Madhara uliyoyataja huja haraka zaidi kwa mtu anayeficha.

Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 11. Mama yangu alikuwa akisema sukari "nzuri" na sukari "mbaya", nami kwa akili ya kitoto nikaamini kwamba mbaya ni mimi. Baadaye tulikubaliana kusema "iko juu", "iko chini" au "iko mahali pake", kisha swali linalofuata liwe "tufanye nini?" Ilichukua muda, na hadi leo neno la zamani humponyoka, lakini sikuficha tena daftari.

Kuhusu matumaini, dada, nitasema moja tu. Kabla ya Januari 1922, mvulana wa miaka 14 alipodungwa insulini mjini Toronto, mtoto mwenye ugonjwa wangu alipewa mlo wa kumkondesha ili aishi miezi michache zaidi. Watu wakiiita insulini hatua ya mwisho huwa nacheka, kwa sababu kwangu ilikuwa ya kwanza, na mwaka huu natimiza wa 26 nikiitumia.

Asubuhi_Njema:
Asanteni nyote. Jana usiku nilimsomea mume wangu maelezo ya muuguzi kuhusu ini. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama hata ini lake hufanya hivyo. Nilimweleza pia kuhusu zile namba mbili, na hilo halikuwa rahisi. Leo asubuhi nilipima mbele yake, ikasoma 11.2. Alifungua kinywa, akakifunga, halafu akasema, "Iko juu. Niandike?" Ameandika kwa mkono wake, na Jumatatu tutakwenda na daftari hilo kuanza insulini.