Hela ya kuzuia watoto wasianze kunywa inaombwa wapi? (Dodoma)

Kocha wa Nkuhungu

Wakuu, mbukwenyi.

Nafundisha mpira watoto wa mtaani kwetu Nkuhungu, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili. Uwanja ni vumbi tupu, lakini watoto wanakuja. Shida yangu si mpira. Kuna wanaofika mazoezini wananuka, na sisemi jasho. Mmoja wa miaka 13 alinieleza bila kificho: wakitoka shule wanachanga mia tano tano, mwenye mwili mkubwa anaingia dukani kununua kichupa cha pombe kali, wanachanganya na enaji. Bangi nayo ipo, ila pombe ndiyo inayotangulia.

Nilikwenda ofisi fulani kuomba msaada. Swali la kwanza nililoulizwa: maadhimisho ni lini? Nikasema hakuna maadhimisho. Nataka mipira, msaidizi wa kuwa na watoto kila jioni, na mshauri nasaha awe anapita pita. Ofisa alisikitika kweli, akasema fungu lililopo ni la siku ya kilele: fulana, bango, maji ya chupa, muziki. Sawa, tarehe 26 Juni dunia nzima inapinga dawa za kulevya. Tarehe 27 saa kumi jioni watoto wangu wako wapi?

Nikimbilie ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri? Au kuna ruzuku? Tafadhali msiniambie "andika andiko" mkaishia hapo. Linakwenda kwa nani?

Mstaafu Kizota

Kocha, kwa kazi hiyo asilimia 10 achana nayo. Ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu ni mkopo. Riba haina, lakini inarudishwa, na mtoto ambaye hakulewa hazalishi marejesho. Nimetumikia maendeleo ya jamii mpaka nimestaafu. Nimeona vikundi vinakopa kwa ajili ya "kuelimisha jamii", halafu wanachama wanauza mbuzi kulipa.

Anza kwa mtendaji wa mtaa. Chini ya MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi huku chini, na nyingi zimelala kwa sababu hazina ajenda. Wewe unayo. Hoja ipite mkutano wa mtaa, ipande kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndiye mwenyekiti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ukipeleka hoja Mei umeshachelewa. Iwe mezani kabla ya Krismasi. Na usiandike "kupambana na ulevi". Andika posho ya msaidizi, bei ya mipira, nauli ya mshauri. Kauli mbiu hupigiwa makofi na kuachwa hapo hapo.

Ruzuku zipo, kwa mfano Foundation for Civil Society, lakini huko wanataka asasi yenye usajili, akaunti ya benki na hesabu zinazosomeka. Kama hamna, jibanzeni kwa asasi iliyo navyo.

Mamlaka ya dawa za kulevya utaipata kwa 119, bure, kwa mambo ya bangi. Pombe si yao. Leseni ya kileo inatolewa na halmashauri na ada inaingia halmashauri, kwa hiyo mimi nasema hapo ndipo pa kudai.

Binti Hombolo

Shikamoo mzee. Ila mnaongea kana kwamba pombe yote inatoka dukani.

Nimekulia Hombolo. Mama alikuwa anapika pombe ya mtama, na ada yangu ilitoka humo. Kuchuja ilikuwa kazi yetu watoto, na anayechuja anaonja. Kilabu kilikuwa uani, wateja ni wajomba na baba wadogo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe. Sisi hakuna aliyetuuzia, tulitumwa. Viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 mjini watu walishangilia. Kwetu nani alikuwa na hela ya kiroba? Dumu lilikuwa chini ya kitanda.

Kwa hiyo mzee, ile 4 ya wanawake usiifute haraka. Mama hakuacha kupika kwa sababu ya semina. Aliacha alipopata mtaji wa kununua alizeti na kuuza mafuta. Wadogo zangu hawajui hata kuchuja kunafanywaje. Hiyo haitaandikwa popote kuwa ni mradi wa kuzuia ulevi, lakini ndiyo iliyozuia.

Mwanachuo wa UDOM

Nyongeza kidogo. Marekani wana mpango unaoitwa Drug-Free Communities, wa sheria ya 1997. Muungano wa watu wa eneo moja unaweza kupata hadi dola 125,000 kwa mwaka, lakini lazima uwe na sekta 12 ndani yake, wakiwemo wazazi, vijana, polisi, shule, viongozi wa dini, hata wafanyabiashara, na uonyeshe mchango wenu wenyewe. Kocha peke yake asingepata hata senti.

Aisilandi nao mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. 2016 ikawa asilimia 5. Sehemu ya dawa yao ilikuwa kulipia michezo ya jioni na kuwabana wazazi wakae na watoto. Kwa hiyo saa kumi yako, Kocha, si ya kubeza. Anza kuandika mahudhurio.

Kocha wa Nkuhungu

Asanteni. Mzee, kesho naanzia kwa mtendaji. Binti Hombolo umenigusa, maana nyuma ya uwanja wangu kuna akina mama wanaopika, na watoto wao wako timuni. Sasa mimi mwanaume nitawaanzaje? Wataniona nimetumwa na mgambo.

Binti Hombolo

Usiende peke yako, kaka, na usiende na daftari. Mtume shemeji, asubuhi wakati wanaanika kimea, wateja hawajaja. Aulize kwanza habari za kuni na bei ya mtama. Mkopo autaje wakishamzoea, na pombe asiitaje kabisa.