Miaka minne uwanjani, karatasi hakuna

Shabiki wa Tudor:
Wadau, yametufika kooni. Chuo chetu hapa Mombasa chataka wanafunzi na mtaa mzima tujae uwanjani kuishangilia timu yake ya soka, kisha ratiba yatoka usiku wa kuamkia mechi, ikitoka. Matokeo ni picha ya vijana wamekumbatiana. Nani kafunga, dakika ya ngapi, nani katoka nani kaingia, hakuna. Jezi namba 7 leo yavaliwa na winga, wiki ijayo na kipa wa akiba. Timu ya namna hiyo mtu aifuate kwa ramli?

Na si kero ya mashabiki peke yetu. Karatasi tunayoikosa sisi, yaani kumbukumbu za mechi na usajili, ndiyo hiyohiyo msaka vipaji atakayoiuliza kijana akimaliza masomo. Umecheza ligi gani? Dakika ngapi? Ulisajiliwa na nani? Atajibu "nilichezea chuo", na mazungumzo yataishia hapo, maana timu haimo kwenye ligi yoyote ya FKF, shirikisho la soka la Kenya. Imo kwenye mashindano ya vyuo vikuu tu. Mazuri, siyakatai, ila ni mechi za kuhesabu kwa vidole zilizobanwa kwenye siku chache. Kufika nusu fainali miguu imekufa. Nani atampima mtu hapo?

Idara ya michezo isome hesabu hii polepole. Mwanafunzi aingia na miaka 19, atoka na 22 au 23. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akitia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi kabla ya kuisha mwaka anaotimiza miaka 23, klabu mpya hulipa fidia ya mafunzo kwa vilabu vilivyomsajili tangu mwaka aliotimiza 12 hadi ule wa 21. Klabu ya Ulaya ya kundi la tatu kwenye orodha ya FIFA huhesabiwa yuro 30,000 kwa kila mwaka. Akisajiliwa kwenu ana 19, 20 na 21, hizo ni yuro 90,000. Bado mgao wa mshikamano: akiuzwa nje, asilimia 5 ya bei hukatwa kwa waliomlea, na kila mwaka wa umri kati ya 16 na 23 una nusu asilimia ya bei. Auzwe dola 200,000, miaka minne ya chuo ni dola 4,000.

Pesa hizo hulipwa klabu iliyo chini ya shirikisho. Chuo chenye uwanja, kocha, basi na bweni hakipati hata ndururu kwa sababu hakuna aliyejaza fomu ya kuingia ligi ya chini! Raga walishalijua hili zamani: Strathmore Leos ni timu ya chuo na imecheza Kenya Cup, ligi kuu ya raga, na vilabu vikubwa. Sisi mji wa klabu ya Feisal, mabingwa wa soka wa Kenya 1965, twaogopa ligi ya kaunti?

Kipenga cha Pili:
Nakuunga mkono, lakini fomu peke yake itawaua. Ligi ni wikendi baada ya wikendi, chuo kina likizo. Mkisajili wachezaji wote wa kutoka bara, likizo ikianza mwabaki na watu tisa, na timu isiyofika uwanjani hupoteza pointi. Angalau nusu ya kikosi wawe wanaolala Mombasa mwaka mzima. Mitihani nayo: barua za ruhusa zipelekwe kwa mkuu wa kitivo wiki ya kwanza ya muhula, ratiba ya ligi ikiwa imeambatishwa, si siku moja kabla ya safari.

Chuo kikikataa kabisa, basi kiandikiane na klabu ya daraja la chini iwasajili vijana. Makubaliano ya mdomo na mwenyekiti wa klabu ya mtaa ni maji kwenye pakacha.

Na wachezaji nao wasikilize, maana hawana usafi wote. Mtu husajiliwa klabu moja kwa wakati mmoja. Ndani ya msimu waweza kuandikishwa na vilabu visivyozidi vitatu, na mechi rasmi wachezea viwili tu. Anayecheza Jumapili kwa kadi ya mwenzake, hata akifunga matatu, mabao ni ya mwenye kadi. Usajili ukifanyika, omba namba yako ya FIFA Connect, ile ya kukutambulisha kwenye mfumo wa usajili, uiandike mahali. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa ni sawa na kitambulisho, herufi kwa herufi. Ukiandikwa Mohamed huku na Muhammad kule, ushajigawa watu wawili.

Beki Tatu:
Mimi kero yangu ni video. Chuo kina idara nzima ya habari, lakini mechi yarekodiwa na mtu anayefuata mpira kwa kuvuta picha karibu, mara unaona njumu, mara unaona mawingu. Kocha wa nje ataka kuona beki amesimama wapi wakati mpira uko upande wa pili.

Haigharimu kitu. Simu moja, stendi ya miguu mitatu, usawa wa mstari wa kati, juu kadiri jukwaa linavyoruhusu. Mechi ya saa kumi jioni kaeni upande wa magharibi, jua liwe mgongoni. Watu hukaa mashariki kwa sababu kuna mwembe, kisha video nzima ni vivuli vyeusi. Simu ifunikwe na jua la Mombasa, la sivyo yachemka na kujizima dakika ya thelathini. Zimeni mtandao, kwani simu ikipigwa kurekodi hukatika. Kwa ubora wa picha wa 1080p, wekeni nafasi ya gigabaiti 6 kila kipindi. Mchezaji akate dakika nne au tano, ajiwekee mshale kabla ya kila tukio, na aambatishe mechi mbili kamili. Mabao matupu na muziki juu hayamsaidii.

Mama Changamwe:
Nyie wanangu mwawajaza vijana upepo. Wangapi hufika huko? Shahada kwanza.

Shabiki wa Tudor:
Mama, shikamoo. Hatusemi waache vitabu. Handwalla Bwana alizaliwa hapahapa Mombasa, akakulia Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 2018 akasainiwa na klabu ya kulipwa ya Seattle Sounders.

Kipenga cha Pili:
Usikate hadithi nusu. Alikuwa ameshapita akademi ya Sounders, ndiyo maana wakamchukua moja kwa moja. Chuo kilimpa mechi za ushindani zenye takwimu zilizoandikwa. Ila Mama ana haki kwa jambo moja: penye pengo la karatasi ndipo matapeli hujipenyeza. Anayewaomba wachezaji "ada ya majaribio" ya Dubai au Qatar si wakala. Wakala ana leseni ya FIFA, jina lake huonekana kwenye orodha ya FIFA mtandaoni, na mkataba wake na mchezaji ni wa maandishi usiozidi miaka miwili. Akikuletea wa miaka mitano, mwache na kalamu yake.

Mama Changamwe:
Marahaba. Huyo wa Dubai yuko pale karibu na geti la chuo kila Ijumaa, na mkuu wa michezo amsalimia.

Shabiki wa Tudor:
Ndiyo hayo. Basi tuanze na tulicho nacho: yeyote mwenye karatasi za waamuzi za msimu uliopita, hata picha iliyopigwa imepinda, aziweke hapa. Nataka tarehe, mpinzani, waliofunga na dakika. Mechi ya Februari dhidi ya wale wa Kilifi bado sijampata aliyefunga la pili.