Acheni kuzawadia mifupa iliyong'olewa! Mashindano yetu ya visukuku Mwanza yanaharibu visukuku

Wakuu, habari za muda huu, na shikamooni wakubwa zangu. Nimekuja nimekasirika na sitaficha.

Hapa Mwanza tuna kikundi cha wapenzi wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Walimu wamo, mafundi wamo, vijana waliopitia machimboni Geita wamo. Tunakutana ufukweni, kila mtu anaweka mezani alichopata, wazee watatu wanakagua, waliobaki tunapiga kura. Safari hii ilikuwa zamu ya wanyama wenye uti wa mgongo. Kilichoshinda ni taya la kiboko. Limepakwa vanishi lote, jino lililovunjika limegandishwa kwa supagluu, chembe ya udongo wa lilikotoka haipo. Mzee mmoja akauliza limetoka wapi. Mwenye nalo akajibu, "Huko huko kwetu." Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, yakaisha.

Nawauliza majaji wetu kwa heshima zote: mlipima nini pale? Ukubwa?

Maana hata kwamba ni kisukuku hamkuthibitisha. Mmoja wenu aliligusa kwa ulimi, likanata, akasema la kale hilo. Mfupa wowote mkavu wenye vitundu hunata ulimini, hata wa ng'ombe aliyekufa kiangazi kilichopita. Weusi nao si ushahidi, tope linatia mfupa rangi. Na ufukwe wenyewe ulipaswa kuwatia shaka. Ziwa Victoria lilikauka likajaa upya takribani miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo mfupa uliotupwa na mawimbi uhesabuni wa juzi mpaka mtu athibitishe vingine. Yale majabali yetu ndiyo kabisa, Bismarck likiwemo. Yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaliganda kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi, na wakati huo duniani hapakuwa na samaki wala chura. Lakini bado kuna watu wanaleta "nyayo" kutoka jabalini na tunazijadili!

Halafu sheria, ambayo pale mezani hakuna aliyeitaja. Kama taya lile ni la kiboko wa juzi, ni nyara ya Serikali, na kukaa nayo bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kama ni kisukuku kweli, linaingia kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba bila leseni ni marufuku. Chagueni upande mnaoutaka, mshindi wenu ana kesi.

Kilichoniuma zaidi ni yule dogo fundi pikipiki. Alikuwa amekwenda bonde la Manonga, kule kusini mwa Shinyanga, ambako kuna matabaka ya takribani miaka milioni 5 yenye samaki, kobe, viboko, tembo wa kale aitwaye Anancus na nguruwe aitwaye Nyanzachoerus. Korongo lenyewe silitaji, madalali nao wanasoma humu. Dogo hakuleta mfupa. Alileta picha: mwiba wa kambare bado uko ukutani mwa korongo, kando yake sarafu ya shilingi 200 ili uone ukubwa, kisha picha ya mbali inayoonyesha matabaka yote kutoka chini mpaka juu. Wakuu, hiyo ndiyo kazi! Mwiba wa kambare unakwambia hapa palikuwa na maji, na ukijua uko tabaka gani unajua maji hayo yalikuwepo kabla au baada ya wale tembo. Mfupa ukiwa mezani, umeshapigwa vanishi, utamwuliza nani?

Kura alizopata hazijazi kiganja. Jaji mmoja akamwambia, "Mwanangu, picha si kitu, safari ijayo lete mfupa wenyewe." Dogo akaitikia kwa adabu. Yaani mzee mzima umemtuma mtoto arudi korongoni na sururu!

Ng'ambo ya ziwa hili hili, kisiwani Rusinga, Kenya, mtafiti Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la sokwe wa kale wa takribani miaka milioni 18, aliyeitwa wakati huo Proconsul. Mwaka 1951 kikapatikana pale kiunzi cha mifupa cha Proconsul mwingine, kwenye shimo la mviringo lililojaa mifupa ya wanyama wengine. Ikadhaniwa ni shimo la mwambani. Watafiti waliporudi miaka ya 1980 kulichunguza shimo lenyewe walitambua kwamba ulikuwa mti, shina lenye uwazi ndani lililojaa mashapo, yaani udongo na mchanga uliotuama. Vipande vya yule yule Proconsul vilikutwa kwenye makabati ya makumbusho, vimechanganywa na mifupa ya wanyama wengine. Waliweza kurudi kwa sababu mahali palijulikana. Nani ataweza kurudi "huko huko kwetu"?

Na msiniambie uangalifu ni mambo ya wazungu. Tendaguru, Lindi, kwenye uchimbaji wa 1909 hadi 1913, Boheti bin Amrani ndiye aliyewasimamia wachimbaji na alikuwa fundi mkuu wa kuandaa mifupa. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa pale akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Mifupa yenyewe iko Berlin, na hilo linauma, lakini hilo tulijadili kwenye uzi mwingine.

Najua atakuja mtu kusema tukiiacha, mvua itaibeba. Kweli, mvua inabeba. Basi piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, upeleke taarifa ofisi ya wilaya au makumbusho kabla masika hayajaanza. Mvua haijawahi kuwa leseni ya kuchimba.

Ninachotaka ni hiki: ushindi wa lile taya ufutwe, na kuanzia sasa tuhukumu picha za mifupa ikiwa mahali pake, ramani wapewe majaji tu. Dogo nimeshampigia simu, sururu ameiacha. Mwenye taya aje hapa aseme alilitoa wapi. Na tukikutana tena nikakuta meza imejaa mifupa, nitakuwa nimefuatana na afisa utamaduni wa halmashauri.