Siku 84 za sheria na arobaini ya mila: mzazi wa Tanga alelewe na nani?

MAMA WA MAKORORA (mwanzisha mjadala)

Asalaam alaikum, na habari zenu nyote mlioko Tanga mjini, Pangani, Muheza, Mkinga, na ninyi mliohamia mbali.

Hapa mtaani kwetu kumezuka ubishi. Binti mmoja, mzazi wa mtoto wa kwanza, amerudi kusimama dukani alikoajiriwa kabla arobaini haijatimia. Majirani wanamsema kuwa ametanguliza pesa, na mama yake wanamsema kuwa ameshindwa kumlea mwanawe. Nimechoka kusikia lawama zote zikiwaangukia wanawake wawili, ndiyo maana nalileta hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema: kumlea mzazi ni kazi, tena nzito, na mji mzima unapaswa kuigharamia. Zamani bibi, shangazi na jirani waliifanya bure kwa sababu walikuwapo nyumbani. Leo mama wa huyo binti yuko sokoni Deep Sea tangu alfajiri anagombania dagaa. Shangazi yuko Dar. Bibi ana presha na sukari. Nani amkande?

Kwa wasiowahi kuona chumba cha mzazi cha kipwani kikiwa kamili: asubuhi sufuria la maji ya moto linatelekwa na majani ya mwarobaini ndani yake. Mkandaji anachovya taulo, analikamua, analijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kisha anakanda kiuno, mgongo, mapaja. Akimaliza anamfunga mzazi tumbo kwa kanga na kumpa uji wenye pilipili manga na samli. Mtoto anachukuliwa akaogeshwe na kupakwa mafuta ya nazi, na mzazi analala. Hapo ndipo penyewe, kwamba analala! Kuna mtu anafua, mtu anapika, mtu amembeba mtoto. Yeye kazi yake kunyonyesha na kupona.

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya kizamani ya pwani yetu peke yake. China mzazi hukaa ndani mwezi mzima, haguswi na maji baridi, na siku hizi wenye uwezo huajiri mlezi wa kuishi naye. Korea Kusini kuna nyumba maalumu ambako mama huenda na kichanga chake akahudumiwa kama wiki mbili, na supu ya mwani haikosekani. (Mwani! Nasi huku pwani tunaulima, tunaukausha na kuuza nje.) Nchi nyingi za Amerika ya Kusini nao wana siku 40 zao. Japani wapo mabinti wanaorudi kwa wazazi wao kujifungua, kama mtoto wa kwanza kwetu anavyozaliwa kwa bibi yake. Mataifa haya hayajuani kwa dini wala kwa lugha, na yote yaliona kwamba mwanamke akishazaa lazima alelewe yeye kwanza.

Sasa sheria yetu ya Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 zenye malipo, au siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Inakataza asifanye kazi ndani ya wiki 6 za kwanza isipokuwa daktari amethibitisha kuwa yuko sawa. Wiki 6 ni siku 42, yaani arobaini na ziada. Kwa hiyo mwenye duka anayemwita binti wa watu kabla ya hapo anavunja mila na sheria kwa mkupuo mmoja, na bado mtaa mzima unamlaumu binti!

Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 2000 linataka likizo isipungue wiki 14. Sisi tuko 12. Kliniki wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama matupu miezi 6. Sheria inatoa pia saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi, lakini kwa anayefanya kazi Raskazone na mtoto yuko Pongwe, saa mbili zinaishia kwenye daladala.

Karibuni.

BABA WA DUGA

Dada yangu, umesema vizuri, ila mimi sikubaliani na kuitwisha halmashauri mzigo huu. Hii ni kazi ya familia. Ukishaanza kuilipia kwa fedha za umma, kesho hata mama mzazi atadai posho kumwogesha mjukuu wake. Na msitulinganishe na Ulaya. Uswidi wazazi wanapewa siku 480 kwa kila mtoto, ni kweli, lakini kodi wanayokatwa huko hakuna kati yetu anayeweza kuivumilia. Na Marekani mbona hamuitaji? Tajiri kuliko wote, na sheria yao ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena kwa aliyeajiriwa mahali penye wafanyakazi 50 au zaidi.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Baba mwajiriwa tunapewa siku 3. Kenya, mwendo wa kufika Horohoro na kuvuka, baba anapata wiki 2 tangu sheria yao ya 2007. Mke wangu alipokwenda kwao kujifungua nilikuwa nakwenda kumwona mwanangu kama mgeni, nakalishwa sebuleni na soda. Nikitaka kumbeba naambiwa hujui. Nitajulia wapi?

MUUGUZI, WODI YA WAZAZI

Naomba nami niseme, na bibi zangu msinikasirikie.

Arobaini ina kheri nyingi: mama anapumzika, anakula, ananyonyesha. Lakini nimepokea wazazi walioungua kwa maji ya kukandwa. Nimepokea waliofanyiwa upasuaji wakabinywa tumbo siku chache baadaye. Vichanga wanapewa maji ya sukari kwa sababu "mtoto ana kiu". La hatari kuliko yote ni lile la "mwache, uchafu unatoka". Damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine si ya kungojea. Homa si ya kungojea. Kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu si ya kungojea pia, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Mzazi anatakiwa aonwe ndani ya saa 48, kati ya siku ya 3 na ya 7, tena kabla ya siku ya 28, na mwisho kufikia siku ya 42. Wengi hatuwaoni hapo katikati kwa sababu "mzazi hatoki nje". Nchi hii imefanya kazi kubwa. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Hao waliobaki hatuwezi kuwaacha wafie chumbani nyuma ya pazia kwa kuogopa kuvunja mwiko.

MTANGA ALIYEKO ROTTERDAM

Nimezaliwa Ngamiani, wanangu nimewazalia Uholanzi. Nieleze ninachokijua.

Huku mzazi anapelekewa mhudumu nyumbani. Kawaida anakuja kwa muda wa siku 8 hivi, saa kadhaa kwa siku, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na bima ya afya ya lazima, wewe unachangia kiasi kwa kila saa. Wangu alikuwa anampima mtoto joto na uzito, anakagua mshono wangu, ananionyesha jinsi ya kumweka mtoto titini. Kisha anasafisha choo, anafua, anawapa wageni chai na zile biskuti zao zilizopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za anisi zenye sukari. Akiona kitu si cha kawaida anampigia mkunga simu hapohapo. Yaani muuguzi na mkandaji wamo katika mtu mmoja.

Halafu muda wake unaisha na mlango unafungwa. Mume kazini, jirani unasalimiana naye kwa kupungiana mkono. Nililia sana kipindi kile. Mama alikuwa ananipigia video kutoka Ngamiani ananielekeza kufunga tumbo, na mimi sina hata mtu wa kunishikia ncha ya kanga. Kwa hiyo Baba wa Duga, Ulaya si pepo. Lakini zile siku chache za mwanzo wamezipanga vizuri, na kupanga kunahitaji fedha ya mfuko wa pamoja.

MUUZA SAMAKI, DEEP SEA

Mnabishana kuhusu siku 84. Mimi sina bosi, nani anipe? Nikilala ndani arobaini, kizimba changu anakaa mtu mwingine na wateja wanamzoea. Mtoto wangu wa mwisho nilikuwa namlaza kwenye beseni chini ya mwavuli, pembeni ya jiko la kukaangia, nakaanga huku namtazama asifikiwe na moshi. Semeni na sisi.

BIBI MKANDAJI WA NGAMIANI (anaandikiwa na mjukuu)

Mwanangu muuguzi, sijakasirika. Mimi mzazi wa kisu simgusi tumbo, namkanda miguu na mgongo basi. Hao wanaobinya hawakufundishwa. Ningependa uje ukae nami siku moja uone ninavyofanya, nami nikusikilize. Lakini usije na karatasi za kunisainisha mbele za watu kama mwizi.

Zamani nilikuwa namshika mzazi mpaka anatoka. Siku ya arobaini napewa doti ya kanga, sukari na nauli, narudi kwangu na heshima yangu. Sasa naitwa wiki moja, wengine siku tatu, halafu simu hazipokelewi. Si kwamba watu ni wabaya, hawana. Na huyu baba wa Duga aje, nitamfundisha kuogesha mtoto. Mikono ya mwanamume haina dosari.

MAMA WA MAKORORA

Bibi, shikamoo. Umenipa nguvu.

Baba wa Duga, fedha ninayoisema ipo tayari. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tumekopeshana kwa sabuni, batiki na kuku. Kwa nini wakandaji wasiunde kikundi, wakae na wauguzi wafundishane pande zote mbili, wawe na sare na simu ya kumpigia mkunga? Mwenye mshahara atalipia. Na siku za baba ziongezwe, hapo niko upande wako moja kwa moja. Asiwe mgeni wa soda.

MUUZA SAMAKI, DEEP SEA

Mkopo unarudishwa. Mimi nitamlipa nini huyo mwenye sare?

MAMA WA MAKORORA

Wewe hutalipa. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wamekuwa wakizipa kaya maskini ruzuku na kuzitaka zihudhurie kliniki. Mlango huo upo, uongezwe mkandaji wa wiki mbili na fidia ya kizimba chako kisichukuliwe. Hili la kizimba ni la uongozi wa soko, halihitaji hata senti: liandikwe kwamba mzazi akitoka arobaini anakuta nafasi yake.

BABA WA DUGA

La kizimba nakubali, na nitalisema kwenye mkutano wa mtaa. La kulipia wakandaji kwa fedha za umma bado nakataa. Nionyesheni hesabu ya kata moja tu, wazazi wangapi kwa mwaka na bei ya mkandaji kwa siku, ndipo tuendelee.

MUUGUZI, WODI YA WAZAZI

Idadi ya wazazi wa kata nitaiomba kutoka rejista ya kliniki, majina ya watu hayahusiki. Bibi atupe bei.